Ufa upi ulitangulia mkunjo? Mwongozo kamili wa kusoma nyufa za miamba ya matabaka, kwa walimu na wanafunzi wa Unguja na Pemba

Tangu ipite Sheria ya Mafuta na Gesi ya Zanzibar ya 2016, na mkataba wa kitalu cha kutafutia mafuta na gesi cha Pemba na Zanzibar kutiwa saini 2018, vijana wa skuli wamekuwa na maswali ambayo kitabu cha jografia hakiyafikii. Kubwa lao ni hili: mwamba ni mgumu na umeshiba uzito wa dunia nzima juu yake, sasa mafuta au maji hupita wapi? Ukiwajibu "kwenye nyufa" wanaridhika kwa dakika moja, kisha mmoja anauliza: na nyufa zenyewe zimetoka wapi? Jibu lililozoeleka ni kwamba mwamba ulikunjwa ukapasuka. Ni kweli nusu. Katika mkunjo mmoja, yaani matabaka ya mwamba yaliyopindwa kama mgongo, utakuta nyufa zilizokuwepo kabla haujakunjwa, zilizozaliwa wakati wa kukunjwa, na zilizokuja baadaye kabisa. Anayezichanganya anasoma historia ya mwamba ule kwa kurasa zilizovurugika. Mwongozo huu ni wa kuzipambanua.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali tulipo. Mwamba tunaoukanyaga Unguja na Pemba, ule wa maweni na uwanda unaochana kandambili, ni matumbawe ya kale yaliyoachwa juu bahari iliposhuka, na umelala karibu bapa. Chini yake, na kwenye vilima vya Pemba, kuna mchanga, udongo na mawe ya chokaa ya zama za Mayosini, yaani kati ya miaka milioni 23 na 5 iliyopita. Lakini mkunjo mzima wa kusimama mbele yake na kuuchora hutaupata kwa kutembea ufukweni Makangale wala Nungwi, na mwalimu asiwadanganye wanafunzi kwamba kila kijilima ni mkunjo. Kwa hiyo mkunjo tutautengeneza mezani, upimaji wa nyufa tutajifunza ufukweni, na tukihitaji mkunjo halisi tutasafiri kwa mawazo hadi milima ya Zagros, Irani. Huko Masjed Soleyman mafuta yalipatikana 1908, kwenye mawe ya chokaa ya Asmari yaliyokunjwa. Jiwe lenyewe limebana sana. Kinachofanya mafuta yatiririke kwa wingi ni nyufa. Na tabaka hilo ni la Oligosini, zama zilizotangulia Mayosini, na mwanzo wa Mayosini, kwa hiyo sehemu yake ni rika moja na baadhi ya matabaka ya Pemba.

Vya kuandaa

Tafuta udongo wa kinamo wa kufinyangia, ndoo ndogo moja, uondolewe mawe na mizizi. Chokaa iliyozimwa, kilo moja inatosha. Mchanga laini uliochungwa. Kipande cha bomba la PVC la inchi nne, urefu wa nusu mita hivi. Kisha vitu vidogo: karatasi ya nailoni, chupa ya kusukumia udongo, kisu, vijiti vya kuchokolea meno, mrija wa kalamu iliyokwisha wino, futi ya fundi, kipimapembe, na uzi wenye kijiwe kwa ajili ya timazi.

Kuhusu chokaa: iwe imekwisha kuzimwa kabla haijaingia darasani. Chokaa hai ikikutana na maji huchemka na kuunguza ngozi na macho. Hata iliyozimwa ishikwe kwa glavu, na anayechanganya avae miwani.

Hatua ya kwanza: kunja tabaka moja

Sukuma udongo upate bapa la urefu wa sentimita 30, upana wa 12 na unene wa 2. Liache kivulini mpaka ukilibonyeza halinati kidoleni, lakini ukucha bado unaacha alama. Hapa usiwe na haraka. Udongo mbichi utajipinda bila ufa hata mmoja, na uliokauka utavunjika vipande viwili ukakosa cha kusoma.

Lainisha ukingo mrefu kwa kisu chenye maji. Kwa mrija wa kalamu, gonga viduara vitatu vilivyopandana kwenye ukingo huo: kimoja karibu na uso wa juu, kimoja katikati, kimoja karibu na chini. Rudia kila baada ya sentimita tatu. Tandika nailoni juu ya bomba, laza bapa juu yake, kisha bonyeza ncha zote mbili kwenda chini, polepole sana.

Sasa inama utazame. Viduara vya juu vinarefuka kufuata bapa, vya chini vinabanwa vinasimama kama mayai, na vya katikati vinabaki karibu vilevile. Mkunjo umelifanya tabaka moja kuwa na sehemu mbili zenye hali tofauti: nje inavutwa, ndani inabanwa. Kwenye uso wa juu utaona kwanza mstari hafifu wa rangi nyepesi, unaokwenda sambamba na bomba. Ghafla mstari unafunguka midomo. Ncha yake inashuka ndani na kusimama karibu na kile kiduara cha katikati, kwa sababu chini ya hapo hakuna tena kinachouvuta. Ndiyo maana ufa wa aina hii ni mpana juu na mwembamba chini. Ufa wa pili hautafunguka pembeni mwa wa kwanza, bali mbali kidogo, kwani ufa ukishafunguka hulegeza udongo ulio jirani yake pande zote mbili.

Fanyeni na hesabu, wanafunzi huipenda. Mvutano wa uso wa nje ni nusu ya unene kugawanya kwa umbali kutoka kitovu cha bomba hadi katikati ya tabaka. Bomba la inchi nne lina nusu kipenyo cha kama sentimita 5.5, ongeza 1 ya nusu unene, unapata 6.5. Gawanya 1 kwa 6.5: uso umenyooshwa kwa takriban asilimia 15. Sasa chukua tabaka halisi la chokaa lenye unene wa mita 1, lililopinda kwa nusu kipenyo cha mita 100. Jibu ni asilimia 0.5, kiasi ambacho kwa jicho ni mteremko wa upole tu. Hata hivyo jiwe la chokaa lililo karibu na uso wa dunia halivumilii kunyooshwa hata hivyo kidogo, litapasuka. Mawe hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa, mara kumi hivi kwa makadirio ya kawaida, kwa hiyo usidharau mkunjo kwa sababu haupendezi kwenye picha.

Hatua ya pili: vijiti vya meno

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Andaa bapa la pili kama la kwanza. Kabla ya kulikunja, chomeka vijiti vya meno kwa mstari mmoja wa katikati, kutoka ncha hadi ncha, vyote vikisimama wima. Hivi ni nyufa zilizokuwepo wakati tabaka bado limelala. Kunja juu ya bomba. Vijiti vinatawanyika: vya kileleni vimesimama, vya mbavuni vimelala upande, kila kimoja kikibaki na pembe mraba na tabaka lake. Sasa chukua vijiti vingine, vipake rangi, na kwa kufuata timazi vichomeke wima kwenye mbavu zilizokwisha kulala. Hivi ni nyufa zilizokuja baada ya mkunjo.

Mbele ya darasa sasa kuna kipimo chenyewe. Ukifika kwenye ubavu wa mkunjo ukakuta ufa unaofanya pembe mraba na tabaka lililoinama, huenda ulikuwepo kabla au ulizaliwa tabaka likipinda. Ukikuta umesimama wima kwa timazi huku tabaka limeinama nyuzi 40, umekuja baadaye, mara nyingi wakati mwamba ulipoinuliwa na uzito wa juu kuondolewa na mmomonyoko.

Lakini kipimo hiki kina mipaka miwili inayosahaulika. Kileleni hakifanyi kazi, kwa sababu tabaka limelala bapa pale na aina zote mbili za vijiti zinasimama sawa. Nenda mbavuni. Mpaka wa pili: nyufa zinazokata mkunjo kwa upana, yaani zenye pembe mraba na mhimili wake (ule mstari wa kipindo unaokwenda sambamba na bomba), hazibadiliki zinapozungushwa kwenye mhimili huo. Kata bapa kwa kisu kwa upana huo kabla ya kukunja, jingine likate baada ya kukunja, kisha mwite mwanafunzi aliyekuwa nje aseme lipi ni lipi. Hawezi. Kwa nyufa hizo tutahitaji ushahidi mwingine, nao uko hatua ya tano.

Hatua ya tatu: matabaka yanayoteleza

Chukua daftari nene lisilo na jalada gumu. Kwenye ukingo wa kurasa chora mistari michache iliyonyooka, kutoka jalada la juu hadi la chini. Likunje liwe mgongo. Mistari ya mbavuni imelala, ya kileleni imebaki. Karatasi hazikunyooka wala kubanwa sana. Ziliteleza moja juu ya nyingine, na kila karatasi ya juu imepanda kuelekea kileleni kuliko ya chini yake.

Miamba yenye matabaka membamba, yenye udongo laini katikati, hujikunja hivi. Inachoacha ni mikwaruzo kwenye uso wa tabaka, inayoelekea kileleni, na pembe mraba na mhimili. Ukiwa na ubavu mmoja tu mbele yako, na kilele chote kimeliwa na mmomonyoko, mikwaruzo hiyo inakuonyesha mhimili ulikwenda upande gani. Na kwa kuwa mtelezo umechukua sehemu kubwa ya kazi, nyufa za kileleni huwa chache kuliko kwenye bapa moja nene. Ndiyo sababu sikubaliani na kanuni ya kukariri kwamba "kileleni ndiko kwenye nyufa nyingi". Inategemea matabaka yameshikana kiasi gani.

Hatua ya nne: tabaka gumu juu ya laini

Changanya chokaa na mchanga, kiasi kwa kiasi, na maji ya kutosha kupata uji mzito. Tandaza juu ya bapa la udongo wa kinamo ulio laini kuliko wa hatua ya kwanza. Nusu ya bapa weka unene wa nusu sentimita, nusu nyingine sentimita moja na nusu. Liache hadi kesho yake, udongo ukiwa umefunikwa nailoni pembeni usikauke. Kunja juu ya bomba kwa namna ile ile.

Chokaa inakatika, udongo chini yake unajivuta tu. Nyufa zinashuka hadi kwenye udongo na kukoma, kana kwamba zimezuiwa mlangoni. Pima umbali kati ya ufa na ufa kwa futi: kwenye chokaa nyembamba zimekaribiana, kwenye nene zimeachana. Kwenye miamba halisi ya aina moja, umbali huo huendana na unene wa tabaka. Utaalamu huu una faida kubwa: ukijua unene wa matabaka kutoka kwenye kisima unaweza kukisia nyufa zimesongamana wapi kabla hujaziona. Na tabaka la udongo linalozima nyufa ndilo linaloweza kuzuia mafuta au maji yasipande juu.

Jambo moja ambalo meza haitaonyesha ni maji yaliyofungiwa ndani ya vinyweleo vya jiwe. Huko chini maji hayo husukuma kuelekea nje na kupunguza nguvu inayoushikilia mwamba. Ndiyo maana nyufa za kufunguka zinaweza kuzaliwa hata kina kirefu, pahala ambapo kila upande unabana.

Hatua ya tano: ufukweni, jifunze kupima

Chagua siku ya bamvua. Maji yetu siku hizo hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, kwa hiyo una muda mzuri ila si wa kuchezea. Mpigie hodi sheha kabla, na uliza kama kuna pango la mzimu lisiloingiwa. Vaa viatu vya kufunika mguu. Usisimame chini ya ukingo wa jabali lililoliwa na mawimbi. Nyundo iache nyumbani, hatuihitaji.

Tafuta sakafu ya mwamba iliyo wazi. Nyoosha futi mita kumi na uiweke mawe kila ncha. Kila ufa unaokata futi uandikie mistari mitatu: uko mita ngapi kutoka mwanzo, unaelekea nyuzi ngapi kwa dira, na unaishia vipi. Dira ya simu inafaa, ila iweke mbali na chuma. Upana wa ufa usiuandike hapa kwetu. Mvua na chumvi hulimumunya tumbawe na kulipanua, kwa hiyo upana unakusimulia habari za maji kuliko za nguvu zilizoupasua.

Mstari wa tatu ndio wenye utajiri. Piga magoti pale nyufa mbili zinapokutana. Ufa mmoja ukipita moja kwa moja, na mwingine ukamfikia ukakoma, uliokoma ni mdogo kwa umri. Ulikuwa unasafiri ukafika kwenye nafasi iliyo wazi tayari, nguvu ikakatika. Kanuni hii ndiyo inayosaidia kwa zile nyufa za upana ambazo vijiti vya meno vilishindwa kuzitaja umri. Ina udhuru mmoja: ufa wa zamani ukijazwa kalisaiti (madini ya chokaa) ukagandishwa, ufa mpya unaweza kuuvuka kana kwamba haupo. Basi angalia ujazo kwanza.

Kisha fanya kitu ambacho wengi hukiruka. Nyoosha futi ya pili, pembe mraba na ya kwanza, uhesabu upya. Nyufa zinazokwenda karibu sambamba na futi hukosekana, si kwa sababu ni chache bali kwa sababu futi haikutani nazo. Ruth Terzaghi alieleza marekebisho yake mwaka 1965: kila ufa ugawe kwa saini (ile ya hisabati, sine) ya pembe kati yake na futi. Ufa wenye pembe ya nyuzi 90 unahesabika mmoja. Wenye nyuzi 30 unahesabika wawili. Chini ya nyuzi 20 hivi, hesabu inatia chumvi mno, tumia futi ya pili.

Hatua ya sita: pangilia nyufa za mkunjo halisi

Ukiwa na picha nzuri au ramani ya mkunjo, au ukibahatika kufika penyewe, anza na zile za kabla. Mwamba unapoanza kubanwa kwa pembeni bado haujapinda. Wakati huo hufunguka nyufa zinazofuata mwelekeo wa kubanwa, ambazo mkunjo ukija zitakuwa zinaukata kwa upana. Pamoja nazo huja mipasuko pacha inayokatana kwa umbo la X, pembe kali ya kati ikiwa nyuzi 60 hivi, na nguvu kubwa ya kubana ikipita katikati ya pembe hiyo. Kwenye chokaa utaona pia mistari ya meno ya msumeno, pahala jiwe lilipoyeyuka kwa kubanwa. Meno yanaelekea upande ilikotoka nguvu.

Za wakati wa mkunjo ni zile za hatua ya kwanza na ya tatu: nyufa sambamba na mhimili, pana juu, zimejaa upande wa nje wa kipindo, na mikwaruzo ya mtelezo mbavuni. Upande wa ndani wa kipindo tazama mipasuko midogo ambako tabaka limepandishwa juu ya lenyewe. Wakati mwingine mtelezo huacha mlolongo wa nyufa fupi zilizojaa kalisaiti, zimepangwa kwa mshazari kama ngazi. Za baadaye zinasimama wima bila kujali tabaka limeinama vipi, na huishia kwenye zote zilizotangulia.

Utakutana na nyufa zisizoingia kundi lolote. Ziandike hivyo hivyo. Ufa wa zamani mara nyingi hufunguliwa upya na mkunjo, ukawa na dalili za zama mbili. Usiulazimishe uchague upande.

Kutoka ufa hadi kisima

Kitu cha mwisho kinamhusu anayechimba, awe anatafuta mafuta au maji ya kunywa kwenye mwamba uliopasuka. Karibu na kilele cha mkunjo wa upole, nyufa nyingi zimesimama karibu wima. Kisima cha wima nacho kimesimama wima, kwa hiyo kinapita katikati yao sambamba, sawa na futi iliyolala upande mmoja na nyufa pale ufukweni. Kinaweza kushuka mamia ya mita kikakuta nyufa mbili tu, mwenye nacho akaamini mwamba ni mkavu. Kwa sababu hiyo wachimbaji wa mafuta huelekeza kisima kwa mshazari au kukilaza kabisa, kikikata kundi la nyufa wanalolitaka kwa pembe kubwa. Na ili kujua kilalie upande gani, kwanza lazima ijulikane ni kundi lipi bado liko wazi na lipi lilikwisha kuzibwa na kalisaiti, jambo ambalo dira peke yake haiwezi kulisema bila kuangalia ujazo wa kila ufa pamoja na ule mstari wa tatu kwenye daftari la upimaji.